Vidonge Sita Chini ya Godoro

Mama mshauri,

Nakusalimu wewe na watu wote wa nyumbani mwako. Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Kadutu, hapa Bukavu, nauza sambaza kavu, samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Nakuandikia kwa sababu nimechoka kubeba jambo hili peke yangu, na kwa sababu Jumapili ijayo wakubwa wa familia ya bwana yangu watakaa kikao juu ya mtoto wangu na sijui nitasema nini.

Mtoto wangu wa pili ni msichana wa miaka 14. Tumwite Furaha. Mwaka jana, shule zilipofunguliwa, alianza kuchoka. Huyu ni mtoto aliyekuwa anapanda mlima na ndoo ya maji kichwani bila kupumzika, akawa anakaa chini njiani mara mbili, mara tatu. Midomo ikapauka. Usiku alilia miguu, anasema maumivu yako ndani ya mfupa. Tulimtibu malaria, tukamtibu tifoidi, tukamtibu malaria tena. Aliongezwa damu, akachangamka wiki moja, akalegea. Asubuhi moja damu ilimtoka puani ikakataa kukoma, nikalowesha vitambaa vitatu. Upande wa bwana yangu wakasema ni karuho, mtoto amelishwa sumu, wakampeleka kwa mama mmoja anayetapisha watu. Alimnywesha kitu, akatapika mpaka usiku. Siku ile nilidhani nimempoteza.

Mwishowe daktari mmoja alitazama damu yake kwenye darubini, akatuambia tusikae hata siku mbili. Tukavuka mpaka wa nchi hadi hospitali wanayotibu saratani za watoto. Walimchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga, wakatoa uboho, ule ute wa ndani ya mfupa, wakasema ni saratani ya damu, lukemia ya ile aina inayowapata sana watoto. Tulikaa huko karibu miezi mitatu. Nywele zilianguka zote. Mashavu yalivimba, akawa ananiamsha saa nane za usiku kuomba fufu, ni dawa ndizo zilimpa njaa hiyo. Lakini baada ya mwezi wa kwanza tu walipima uboho tena, wakasema seli za ugonjwa hazionekani.

Sasa tuko mwezi wa tisa wa matibabu. Nywele zimerudi, laini kama manyoya ya kifaranga. Anacheza kamba na wadogo zake. Kila mwezi tunavuka kwa ajili ya sindano, na kila jioni anameza vidonge hapa nyumbani, pamoja na vingine vya mara moja kwa wiki. Daktari amesema tutaendelea hivyo mpaka itimie miaka miwili na nusu.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Bwana yangu ni dereva wa lori na safari zimepungua sana. Kiwanja tulichokuwa nacho tumeshakiuza. Baba mkwe anauliza: mtu akipona malaria, mnaendelea kumnywesha dawa miaka miwili? Mchungaji alimsimamisha Furaha mbele ya kanisa, akatangaza kwamba amepona, watu wakapiga vigelegele. Shemeji anasema watoto wangu wengine wanarudishwa nyumbani kwa kukosa minervali, ada ya shule, huku mimi namfanya mtoto mzima kuwa mgonjwa. Mama mkwe anaogopa dawa hizo zitaharibu kizazi chake. Nami nikimwangalia anavyoruka kamba, kuna siku nawaamini.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Wiki iliyopita niligeuza godoro lake ili nilianike, nikakuta vidonge sita vimefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Nilimuuliza. Hakukataa, hakulia. Aliniuliza tu: "Mama, nimepona ao sijapona?" Nilishindwa kumjibu. Hajui jina la ugonjwa wake. Sisi tulimwambia ni upungufu wa damu.

Nimwambie nini mtoto? Na Jumapili niseme nini?

Mama Furaha, Kadutu, Bukavu

JIBU

Mama Furaha, nimesoma barua yako mara tatu. Nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi katika wodi ya watoto kabla ya kustaafu, na hilo godoro uliligeuza wewe, lakini niliona kama nililigeuza mimi. Asante kwa kuandika kabla ya kikao, si baada yake.

Kabla ya mambo ya baba mkwe na ya mchungaji, tuanze na vile vidonge sita, maana hivyo haviwezi kungoja Jumapili. Kesho asubuhi piga simu hospitali inayomtibu. Waambie ukweli wote: umekuta vidonge sita, hujui ni vya siku zipi. Hawatakugombeza, wanalijua jambo hili, hasa kwa watoto wa umri wa Furaha. Wao ndio watakaokuambia kama apimwe damu mapema na aendelee vipi. Wewe usimrudishie kwa kumzidishia, leo viwili, kesho viwili. Tena nakuomba sana: tazama kama vidonge vya kila jioni na vile vya mara moja kwa wiki vinakaa mahali pamoja. Vitenganishe usiku huu huu, kila aina kwenye kopo lake, na kwenye kile cha wiki uandike kwa herufi kubwa siku yenyewe. Dawa ya wiki ikimezwa kila siku kwa makosa inaweza kumuua mtoto. Nimeona nyumba nyingi vikikaa kwenye mfuko mmoja.

Sasa nikujibu kwa nini sita si kidogo. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia watoto wenye lukemia kama ya Furaha waliokuwa kwenye kipindi hiki hiki cha vidonge vya nyumbani. Walitumia vifuniko vya chupa vinavyohesabu kila vinapofunguliwa. Wakakuta kwamba mtoto aliyemeza chini ya dozi 95 katika kila 100 alikuwa kwenye hatari ya ugonjwa kurudi zaidi ya mara mbili kuliko mwenzake aliyemeza 95 au zaidi. Piga hesabu mwenyewe: kukosa jioni mbili tu kwa mwezi kunatosha kumshusha mtoto chini ya hapo. Sikuambii hivi ili usilale. Nakuambia ili ujue kwamba kazi ya kumponya Furaha kwa sasa haiko sana kwenye ile hospitali. Iko kwenye nyumba yako, saa za jioni.

Uliandika kwamba kuna siku unawaamini wakwe zako. Ningekuwa wewe ningewaamini pia, kwa sababu macho yanaona mtoto mzima. Unaujua mbabula wako, jiko lako la makaa. Asubuhi unaona majivu matupu, unaweka hata mkono na hauungui. Lakini ukichokoa ndani na kupuliza, kuna kaa moja bado jekundu, na kwa kaa hilo moja unawasha moto wa siku nzima. Siku Furaha alipogunduliwa, mwilini mwake huenda kulikuwa na seli za lukemia karibu trilioni moja. Dawa za mwezi wa kwanza ziliua karibu zote, ndiyo maana nguvu zikarudi. Lakini daktari anaposema kwenye darubini hazionekani, bado zinaweza kuwapo hata bilioni nzima zimejificha. Dawa za miezi hii zote mnazoziona hazina kazi ndizo zinazofuata makaa yaliyobaki.

Hili halikutungwa na madaktari wa hospitali yenu. Lilijulikana kwa machozi ya wazazi wengine. Mwaka 1948, huko Boston, Marekani, daktari Sidney Farber alieleza jinsi alivyowapa dawa watoto 16 waliokuwa wanakufa kwa lukemia, na 10 kati yao wakapata nafuu. Walisimama, wakala, wakacheza. Ilikuwa mara ya kwanza duniani, na hebu fikiria furaha ya wale mama. Lakini baada ya miezi michache ugonjwa ulirudi, na safari hiyo dawa hazikuuweza. Miaka mingi ilipita hivyo: nafuu, halafu msiba. Kilichobadilisha mambo ni kazi iliyoanza mwaka 1962 Memphis, huko huko Marekani, kwenye hospitali ya watoto ya St. Jude, kwa daktari Donald Pinkel na wenzake. Walichanganya dawa kadhaa badala ya moja, wakatibu pia ubongo na maji ya uti wa mgongo, mahali ugonjwa unapopenda kujificha, na hawakuacha mtoto alipopata nafuu. Waliendelea miaka miwili, mitatu. Kufikia karibu mwaka 1970, nusu ya watoto wao walikuwa wanapona. Leo, katika nchi zenye uwezo, karibu watoto 9 katika 10 wenye ugonjwa wa Furaha wanapona. Kwa hiyo, miaka miwili na nusu uliyoambiwa ni sehemu ya kilichotenganisha watoto wa mwaka 1948 waliopata nafuu na watoto wa leo wanaopona.

Kuna mtoto mmoja wa wodini kwetu, mwenye lukemia, ambaye sijamsahau, na nitakusimulia kwa ufupi. Alikuwa na miaka tisa, mchangamfu, alipenda kunibebea trei ya dawa. Mwezi wa nne wa matibabu baba yake alikuja akamkuta anacheza mpira uani, akasema huyu amepona, wakaondoka. Hatukuwa na namba yao ya simu. Alirudi masika yaliyofuata, kichwa kinamuuma, anatapika bila kula kitu. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye ubongo. Baba yake alikuwa mtu mwema, alimpenda sana yule mtoto. Hakuna aliyekuwa amekaa naye chini akamweleza haya ninayokueleza wewe.

Ndiyo maana nakuomba kwenye kikao usiende kama mshitakiwa, wala usiende peke yako. Kwanza zungumza na bwana yako kabla ya Jumapili, faraghani, mkiwa mmekula. Katika barua yako umetaja maneno ya kila mtu, ya kwake hukuyataja. Sijui kama ni kwa sababu hajasema, au kwa sababu aliyosema yanauma. Mwanaume aliyeuza kiwanja kwa ajili ya binti yake hajamchoka binti yake. Huenda amechoka kuulizwa na baba yake swali asilojua jibu lake. Mpe jibu. Kama inawezekana, mwende naye safari ijayo, amuulize daktari mwenyewe kwa mdomo wake. Mwanaume anayesikia habari hizi kwa mke tu huwa hana la kushika mbele ya wazee wake.

Kwa baba mkwe, usimjibu kwa malaria. Mjibu kwa kifua kikuu, maana hapa Bukavu hakuna mzee asiyekijua. Sema hivi: "Baba, mgonjwa wa kifua kikuu anaacha kukohoa baada ya wiki chache tu, lakini dawa anameza miezi sita. Akiacha katikati, ugonjwa unarudi ukiwa mkaidi, na dawa za kwanza hazimfai tena. Ugonjwa wa mjukuu wako ni wa namna hiyo, ila wake unataka muda mrefu zaidi." Nimewahi kuona wazee wanyamaze kwa maneno hayo, si kwa kushindwa, bali kwa kuelewa.

Na akisema hizi ni dawa za kujaribiwa za Wazungu, mwambie ukanda wetu huu wa Maziwa Makuu uko ndani ya historia yake. Ni Kampala, hospitali ya Mulago, ambako daktari mpasuaji Denis Burkitt aliwaona watoto wenye uvimbe wa taya unaokua kwa kasi, akaandika habari zake mwaka 1958. Saratani hiyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo na bado inawapata watoto wetu huku kwenye malaria nyingi. Miaka ya 1960, watoto wa Uganda walipewa dawa bila kupasuliwa, na wengine wakapona kabisa. Walikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza popote duniani kuponywa saratani kwa dawa peke yake. Mwaka 1967 pale pale kilifunguliwa kituo cha kutibu ugonjwa huo, ndicho kilichokua kikawa taasisi ya saratani ya Uganda. Na jirani zetu wa Rwanda wana hospitali ya saratani kule Butaro, juu mlimani, tangu 2012. Watoto weusi, wa vijijini, wenye baba wakulima, wanatibiwa huko lukemia hii hii.

Shemeji yako anazungumza habari ya minervali. Usimchukie, hesabu anayoipiga ni ya kweli, watoto wengine ni wako pia. Lakini hesabu yake imeishia njiani. Sehemu ya ghali ya matibabu, ile ya kulazwa, ya damu, ya sindano za kila wiki, mmekwisha kuilipa. Iliyobaki ni ndefu ila ni nyepesi. Ugonjwa ukirudi, mtaanza upya kwa dawa kali zaidi, gharama kubwa zaidi na matumaini madogo zaidi, na watoto wengi wa namna hiyo huhitaji kupandikizwa uboho, jambo ambalo hapa kwetu halipatikani. Kuacha sasa ni kutupa kiwanja mlichouza.

Hata hivyo uchumi wako una mwisho, na sitaki kukuambia tu "vumilia". Safari ijayo usiondoke hospitali bila kuomba kuonana na mhudumu wa jamii, yule anayeshughulikia shida za familia. Mwambie wazi: tuko karibu kuacha kwa sababu ya pesa. Wengi wetu tunaona haya, tunajifanya tunaweza, halafu mwezi unaofuata hatuonekani. Sema neno hilo hilo, "kuacha", maana wao wanalijua uzito wake. Uliza mambo mawili. Je, Furaha anaweza kupewa vidonge vya miezi miwili au mitatu kwa pamoja? Je, vipimo vya damu vinaweza kufanyiwa hapa Bukavu, majibu yakatumwa kwa simu, na daktari akarekebisha dozi kutoka huko? Hospitali nyingi zinakubali mpango wa namna hii mgonjwa akifika kipindi mlichopo. Safari ikipungua hata kwa nusu, hiyo ni minervali ya mtoto mmoja.

Shirika la Afya Duniani linahesabu watoto na vijana wapatao 400,000 wanaopata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 katika kila 100 wanapona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo kwamba kufikia 2030 angalau 60 katika kila 100 wapone duniani kote. Sababu za pengo hilo ni nyingi: wengine hawagunduliwi kabisa, wengine wanachelewa kama Furaha alivyocheleweshwa na tifoidi na karuho, wengine dawa hazipo. Lakini mojawapo ya sababu kubwa ni hii hii inayokaliwa kikao nyumbani kwenu Jumapili: watoto walioanza vizuri, wakapata nafuu, wakaachishwa.

Kuhusu mchungaji, mwende wewe na bwana yako mkamwone kabla ya ibada, kwa heshima. Msimwambie amekosea. Mwambieni mnamshukuru kwa maombi, na mnaomba jambo moja zaidi: siku moja asimame tena na Furaha mbele ya kanisa aombee dawa zake, na aseme hadharani kwamba mtoto ataendelea kuzimeza mpaka zitakapoisha. Wachungaji wengi niliowajua walikubali ombi hilo kwa moyo wote. Kijana aliyetangaziwa uponyaji mbele ya watu wote anajiona mwenye imani haba kila anapofungua kopo la vidonge. Huenda sita vile vilianzia hapo.

Mama mkwe mpe moyo. Wasichana wengi waliotibiwa lukemia ya aina hii kwa dawa tu, bila mionzi na bila kupandikizwa uboho, huja kupata hedhi kama kawaida na wengi huzaa. Kila mtoto na dawa zake, kwa hiyo muulize daktari mbele yake kama anaweza kuja. Nyanya anayesikia jibu kwa masikio yake ataacha kuogopa kwa niaba yenu.

Sasa Furaha.

Mwambie jina la ugonjwa wake. Najua mlimficha kwa upendo. Katika lugha zetu neno saratani linasikika kama kaburi, na nani anataka kumtamkia mtoto kaburi? Lakini ana miaka 14. Amelala wodini miezi mitatu na watoto wasio na nywele. Amesikia. Huenda ana simu ya rafiki aliyotafutia majibu. Anachojua ameokota vipande vipande, na vipande vinatisha kuliko kitu kizima. Tena mlimwambia ni upungufu wa damu. Damu imejaa, midomo imekuwa myekundu, sasa kwa nini aendelee kumeza vidonge vinavyomtia kichefuchefu? Kwa habari aliyopewa, alichofanya kina akili.

Tafuta saa ambayo wadogo zake hawapo. Msitazamane uso kwa uso kama mwalimu na mwanafunzi; mchambue sambaza pamoja, mikono ikiwa na kazi maneno yanatoka. Anza kwa kumwomba msamaha kwamba hukumwambia yote. Halafu sema kwa maneno yako, kitu kama hiki: "Ugonjwa wako unaitwa lukemia. Ni saratani ya damu. Hakuna aliyekuroga, hukulishwa sumu, hukukosea kitu, na hakuna mtu unayeweza kumwambukiza. Zamani watoto walikuwa hawaponi. Siku hizi wengi wanapona wakimaliza dawa. Wewe uko katikati ya njia." Kisha unyamaze. Huo unyamavu utakuwa mgumu, usiujaze. Akilia, alie. Akiuliza kama atakufa, usimwapie kwamba hatakufa, maana hilo hatuna uwezo nalo mimi wala wewe wala daktari, na watoto wakubwa wanajua kiapo cha uongo. Mwambie: "Dawa hizi ndizo nafasi yako kubwa, na mimi sitakuacha hata siku moja." Na akinyamaza bila kusema lolote, usimfuate na maswali. Atarudi mwenyewe baada ya siku mbili, pengine usiku, pengine ukiwa unapiga pasi.

Kuhusu vidonge, usimchape na usimwaibishe mbele ya wadogo zake. Muulize kwa nini, halafu usikilize jibu la kwanza bila kulisahihisha. Kama ni kichefuchefu, kipo cha kufanya, daktari anaweza kumpa dawa ya kukituliza. Kama ni mashavu aliyochekwa shuleni, mwambie ule uvimbe unapungua dawa zile za steroidi zinapokoma. Kama anataka tu siku moja ya kuwa kama wenzake, na hilo lina haki yake. Vijana wanaoachiwa sehemu ya kazi huifanya vizuri kuliko wanaosimamiwa kama askari. Yeye afungue kopo, yeye atoe kidonge, wewe uwepo umwone anameza. Hayo mawili yaende pamoja mpaka mwisho. Usimwachie peke yake hata akikuomba.

Na mrudishe shule, kama daktari hajakataza. Barua yako haikusema kama anasoma, na hilo liliniuma kidogo. Sare yake ya bluu na nyeupe itamwambia kwamba ana kesho kuliko hotuba yangu yoyote. Zungumza na mwalimu wake mmoja unayemwamini, umweleze mambo mawili: kwamba ugonjwa hauambukizi, na kwamba darasani akitokea mtoto mwenye surua au tetekuwanga akujulishe siku hiyo hiyo, nawe upige simu hospitali siku hiyo hiyo. Magonjwa hayo ni hatari kwa mtoto aliye kwenye dawa zake. Na chanjo yoyote ikipita mtaani au shuleni, asichanjwe kabla daktari wake hajasema.

Kuna jambo moja linaloua watoto hawa nyumbani huku lukemia yenyewe imelala, nalo ni homa. Nunua kipimajoto. Kikionyesha 38 au zaidi, usimpe dawa ya homa ukasema tutaona asubuhi, usingojee majibu ya malaria ya duka la dawa la jirani. Nenda hospitali usiku huo huo, sema mlangoni: huyu yuko kwenye matibabu ya saratani, kinga yake iko chini. Wapime malaria, ndiyo, lakini na dawa za kuua bakteria zianze bila kuchelewa. Mwombe daktari wake aandike hayo kwenye karatasi yenye muhuri na namba yake ya simu, uikunje uiweke pamoja na kadi ya mtoto. Nyumbani asipewe aspirini, asichomwe sindano ya tako kwa jirani, asitiliwe dawa kwa nyuma. Na kwa yule mama anayetapisha watu asirudi kamwe. Hata majani ya kunywa yanayoonekana mapole, usimpe bila kuuliza. Ini lake lina kazi ya kutosha na vidonge vyake.

Swali lake, "nimepona ao sijapona", lina jibu, na unaweza kumpa jioni ya leo: damu yako imesafika, kazi bado, na kazi hiyo ina siku ya mwisho. Hiyo siku ya mwisho ipo kweli, daktari anaijua. Mwombeni aiandike kwa mkono wake, siku, mwezi na mwaka. Nunueni kalenda ya ukutani, ile kubwa ya kuning'iniza, muitundike karibu na kitanda chake. Kila jioni baada ya kumeza, aweke alama kwenye siku hiyo, na kalamu ashike mwenyewe.